Swali la Sita na Spoku ya Baiskeli

Mwezi uliopita Karanja alifungua kundi la WhatsApp la kupanga safari ya kwenda kumzika Mwalimu Odhiambo, na siku ya tatu akatuma humo maneno ambayo yangesomwa kaburini kwa niaba yetu sisi wanafunzi wake wa zamani. Niliyasoma nikiwa nimesimama kwenye gereji yangu hapa mtaa wa Skuta, Nyeri, simu nimeishika kwa vidole viwili ili nisiipake mafuta. Yalikuwa maneno mazuri mpaka nilipofika mahali alipoandika kwamba mwaka ule kulitokea kutoelewana kidogo kuhusu mtihani, na kwamba Mwalimu, kwa moyo wake mkubwa, alisamehe yote. Nilimpigia hapo hapo. Nikamwambia hiyo sentensi aitoe. Akaniuliza sentensi gani, kana kwamba hakuwa ameiandika yeye. Karanja ana duka la vipuri Karatina, ni mzee wa kanisa, na anajua kuzungumza na watu. Alisema kwa upole: "Nyaguthii, huyo mtu amekufa. Wacha tumzike na amani. Hiyo maneno ni ya zamani." Nilimjibu kwamba ni ya zamani, ndiyo, lakini hakukuwa na kutoelewana. Mwaka ule kila mtu alielewa vizuri sana alichokuwa akifanya, aliyesaini na asiyesaini. Hakuitoa. Maneno yakasomwa vile vile, upande wa pili wa nchi, mbele ya watoto wa marehemu, nami nikanyamaza kwa heshima ya jeneza. Sasa jeneza limeshafukiwa na sinyamazi tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwaka wa mwisho wa kozi ya ufundi wa injini, msichana pekee katika darasa la watu kumi na mmoja. Chuo chetu kilikuwa majengo matatu ya mawe na karakana ya mabati pembeni mwa mji wa Nyeri, na mtihani wetu wa mwisho ulikuwa ukitungwa ng'ambo na kusahihishwa huko huko. Ulikuwa na maswali sita ya lazima. Matano yalikuwa ya injini za magari na matrekta, na hayo tuliyaweza. La sita, tangu mtu yeyote akumbuke, lilikuwa la boti: eleza, hatua kwa hatua, jinsi ya kuandaa mfumo wa kupoza injini ya boti kabla ya majira ya baridi kali. Alama ishirini. Kila mwaka wanafunzi wa Nyeri waliliacha wazi. Walimu walituambia tuliache, tusipoteze muda, kwa sababu boti hatujaiona na baridi ya huko hatuijui. Kwa hiyo kila mwanafunzi wa chuo chetu aliingia mtihanini akiwa ameshapoteza alama ishirini kabla hajashika kalamu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupata daraja la kwanza. Tulilichukulia jambo hilo kama tunavyochukulia ukungu wa Julai. Lilikuwepo tu.

Mwalimu Odhiambo alikuja mwezi wa Januari. Mke wake, ambaye sote tulimwita Afande, alikuwa sajini wa polisi aliyehamishiwa chuo cha polisi cha Kiganjo kufundisha makuruti, naye Mwalimu aliacha kazi yake upande wa ziwa akamfuata. Hilo peke yake lilitosha kuwapa walimu wenzake la kuongea. Dirisha la chumba cha walimu lilitazamana na bomba tulilonawia mikono, na nilisikia mara nyingi wakicheka juu ya mwanamume anayefuata bibi kama mkoba. Yeye alikuwa mtu mrefu, mpole, anayevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, hata saa sita mchana. Siku ya kwanza aliliandika swali la sita ubaoni kabla ya kutuambia jina lake. Karanja, aliyekuwa kiranja wetu, aliinua mkono akaeleza kwa adabu kwamba hilo huwa tunaliacha, kwani boti tutaionea wapi. Mwalimu alifuta chaki mikononi akasema: "Hiyo karatasi haiulizi kama umeona boti. Inauliza maji imekaa wapi ndani ya injini, na utaitoa aje ndiyo isipasue chuma. Hiyo unaweza jua ukiwa hapa hapa."

Kisha akatufundisha, na jambo lenyewe lilikuwa jepesi kuliko tulivyodhani. Injini nyingi za boti hazina rejeta ya kupozea maji kama ya gari. Zinavuta maji ziwani kwa pampu ndogo, zinayapitisha ndani ya chuma kilichopata moto, halafu zinayatupa nje pamoja na moshi. Baridi kali ikija na boti ikawekwa kando, maji yaliyobaki ndani huganda, hutanuka, na chuma kinapasuka. Kwa hiyo unayatoa yote, unaondoa kile kigurudumu cha mpira kilichomo ndani ya pampu ili kisikae kimekunjwa miezi mingi, halafu unamimina dawa ya rejeta, ile isiyoganda, mpaka uione ikitoka kwenye bomba la moshi. Tuliandika. Lakini Mwalimu alisema kuandika si kujua, na akaanza kutafuta injini.

Prinsipo, mkuu wa chuo, hakupenda. Nilikuwa nasubiri muhuri kwenye ofisi ya karani, mlango wa Prinsipo ukiwa nusu wazi, nikamsikia akimwambia Mwalimu kwamba hawa watoto watatengeneza pikapu za kabichi na lori za majani chai maisha yao yote, na anawapotezea wakati kwa mambo ya watu wa theluji. Mwalimu hakupandisha sauti. Alisema alama ishirini si za watu wa theluji, ni za mtoto aliyelipiwa mtihani. Kisha nikasikia kiti kikisukumwa. Chuo hakikutoa gari, wala mafuta, wala barua. Injini ilipatikana kwa sababu ya Afande. Kuruti mmoja kutoka Kianyaga alimwambia kwamba kiwanda cha kahawa cha kwao kinavuta maji mtoni kwa injini kuukuu yenye kibati cha shaba kilichochongwa nanga. Hakuna aliyejua ilifikaje mlimani. Wengine walisema ni ya mkulima mzungu aliyekufa kabla hajajenga boti yake, wengine walisema ilinunuliwa kwenye mnada.

Tulikwenda Jumamosi ya kwanza ya Februari, juu ya lori lililopeleka mbolea, na tukaendelea kwenda kila Jumamosi. Injini ilikaa kwenye kibanda cha mbao kando ya mto, na mwangalizi wake alikuwa Mzee Muriithi, ambaye alitusalimia sote kwa mkono, nami akanipa ndoo ya kuosha vikombe. Nikaviosha. Nilipomaliza nikachukua spana nikaingia kibandani kama wenzangu, naye akanipisha. Alituambia kwamba kila mwanzo wa mavuno injini ile huchemka wiki ya kwanza. Bila maji mashine za kumenya haziendi, na kahawa iliyochumwa inalala kwenye magunia ikichacha, na wakulima wanamtazama yeye. Mwalimu alimuuliza injini hufanywa nini mavuno yakiisha. Mzee akasema inafunikwa na gunia. Hapo Mwalimu akatugeukia, na nakumbuka alivyofurahi. Akasema hiyo ndiyo baridi kali ya hapa: si barafu, ni kulala. Injini inalala na maji ya mto tumboni, maji yenye matope, na kutu inakula chuma polepole pale ambapo barafu ingekipasua mara moja.

Tulifungua bolti ya chini ya kutolea maji. Hayakutoka. Karanja akasema haina kitu, tuendelee. Mwalimu akamwambia aingize kitu chembamba kwenye lile tundu. Mzee Muriithi alikuwa na baiskeli mbovu ukutani, tukang'oa spoku moja ya gurudumu, Karanja akaisukuma ndani akaizungusha, na matope meusi yakamrukia kifuani, yakafuatwa na maji ya rangi ya chai yaliyotiririka muda mrefu kuliko tulivyoamini. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tangu siku hiyo, kila mara tulipofundishwa kufungua tundu lolote, mtu mmoja angesema spoku. Tulisafisha ile injini kwa majuma matano, kila mmoja kwa zamu akilizibua lile tundu, tukatoa kile kigurudumu cha mpira tukakifunga kwa gazeti, tukamimina dawa ya kijani tuliyoombaomba kwenye gereji za mji mpaka tukaiona ikichuruzika kwenye bomba la moshi. Mavuno madogo yalipoanza tulikirudisha kigurudumu, na injini iliwaka mara ya pili kuzungushwa, na haikuchemka hata siku moja. Mzee Muriithi alituletea chuoni gunia la nduma, yaani magimbi, akamkabidhi Prinsipo mwenyewe ili atugawie.

Jumapili kadhaa za miezi ile nilikula Kiganjo. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili vya serikali, kuta za kijani hadi kiunoni na nyeupe juu, na Afande alipika akiwa bado na suruali ya kazi. Huko ndiko nilikojifunza kula samaki. Kwetu samaki alikuwa mnyama wa kuogopwa, na mara ya kwanza nilipoona kichwa chake kikinitazama sahanini nilitamani mlango. Afande aliniambia nianzie mkiani, sehemu isiyo na macho, nikaanzia mkiani. Sauti za makuruti wakiimba uwanjani ziliingia dirishani tukila. Afande alikuwa akiongea zaidi, Mwalimu akiondoa miiba. Siku moja Afande aliniuliza kama wanaume wa karakana wananisumbua, nami nikasema si sana. Alisema kwamba yeye husikia hiyo "si sana" kutoka kwa makuruti wasichana kila siku, na maana yake anaijua. Nilirudi mjini siku ile nikitembea tofauti.

Tulifanya mtihani mwishoni mwa Mei. Swali la sita lilikuwepo, neno kwa neno. Sote kumi na mmoja tulilijibu, na nilipoinua kichwa niliona Karanja akitabasamu na karatasi yake kama mtu anayesoma barua ya mchumba.

Mwezi wa Agosti matokeo ya vyuo vingine yalikuja, yetu hayakuja. Ikaja barua. Wasahihishaji walikuwa wameona kwamba watahiniwa wote wa kituo chetu, ambacho hakijawahi kujibu swali la sita, wamelijibu mwaka mmoja, na wote kumi na mmoja wameandika jambo lisilomo katika kitabu chochote cha kozi: kwamba tundu la kutolea maji lizibuliwe kwa spoku ya baiskeli. Walihitimisha kwamba mtu alituandikia jibu moja la kukariri, na huo ni udanganyifu. Prinsipo hakuandika kututetea. Alimsimamisha Mwalimu kazi, akamkataza kuingia chuoni, halafu akatuita mmoja mmoja. Mezani kulikuwa na taarifa iliyochapwa tayari. Ilisema kwamba Mwalimu Odhiambo alituonyesha jibu tukalikariri, na kwamba tunaomba radhi na nafasi ya kurudia mtihani mwaka unaofuata. Karanja aliingia wa kwanza. Alikaa dakika tano. Alipotoka alinipita akitazama viatu vyake.

Zamu yangu nilisimama, ingawa kiti kilikuwepo. Prinsipo alisema hakuna anayenilaumu mimi, kwamba mimi ni mtoto tu, niweke jina langu hapo chini nikaendelee na maisha.

"Hii karatasi ni ya uongo, Prinsipo," nikamwambia.

"Wenzako wamesaini."

"Hao wamesema yao. Mimi sikuonyeshwa jibu. Nilionyeshwa injini."

Aliniambia nifikirie vizuri, na kwamba msichana asiye na cheti katika kazi ya wanaume hataajiriwa hata kufagia karakana. Huenda alisema kweli. Nilikuwa naogopa sana, na sipendi watu wanaosimulia ujasiri wao kama kwamba woga haukuwepo. Nilitoka bila kusaini. Saba walisaini, wanne tukakataa.

Jioni ile, katika chumba nilichopanga hapa Skuta, nilimsikia mwenye nyumba wangu kupitia ukuta wa mbao akimwambia jirani kwamba yule msichana wa injini amejiharibia kwa kichwa ngumu. Kesho yake aliniletea githeri, mahindi na maharagwe yake, na kunishauri nisaini, kwa upendo kabisa. Hata Mwalimu alinishauri hivyo. Alikuja mpaka getini, mlinzi akamzuia, akatuita sisi wanne akasema nasi kupitia vyuma. Alisema yeye ni mtu mzima, kazi atapata kwingine, lakini sisi tusitupe miaka mitatu kwa ajili yake. "Andikeni hayo majina mwende nyumbani," alisema. Nilimwambia kwamba sikatai kusaini kwa ajili yake yeye. Nilizibua lile tundu kwa mkono wangu, na mtu akisema sikulizibua ananiibia mimi. Alinitazama, akavuta sweta yake, akaondoka. Ndiyo amri yake pekee ambayo sikuitii, na sijaijutia.

Sisi wanne tuliandika barua kwa ofisi ya mitihani Nairobi, iliyowawakilisha watunzi wa ng'ambo. Ilikuwa fupi. Tulisema kwamba kama wanadhani tumekariri, watupe injini. Tulingoja majuma matatu, Prinsipo akitukatalia karakana, na tukaanza kuamini kwamba haikufika. Kisha akaja mkaguzi mmoja, mtu wa makamo mwenye suti ya kijivu, na hakutaka maneno mengi. Alituuliza injini tuliyojifunzia iko wapi. Tukampeleka Kianyaga.

Ilikuwa imesimama tangu mavuno madogo yaishe, na hakuna aliyekuwa ameigusa. Mkaguzi aliniashiria mimi, nadhani kwa sababu hakutarajia kitu kwangu, akakaa juu ya gunia na daftari lake. Mzee Muriithi alisimama mlangoni akiwa amevua kofia. Nilifunga njia ya maji kutoka mtoni, nikalegeza bolti ya chini, nikaitoa. Hakuna hata tone lililotoka. Mkaguzi akasema ni tupu, niende hatua inayofuata. Nilimwambia si tupu. Alirudia, safari hii kwa ukali, kwamba anaona kwa macho yake ni tupu. Spoku ilikuwa pale pale tulipoiacha, imechomekwa kwenye ubao. Niliichukua nikaisukuma ndani, nikaizungusha, nikasogea pembeni kwa sababu nilijua. Yeye hakujua. Matope yalimpata kwenye viatu na pindo za suruali, na maji yakafuata, mengi, yakapita chini ya gunia lake. Hakuna aliyecheka. Alisimama, akaitazama spoku, akaomba aishike.

Baadaye, akifuta viatu kwa majani, aliniuliza swali ambalo nadhani alitaka kuliuliza tangu Nairobi.

"Sasa huku kwenu kuna baridi gani ya kugandisha injini?"

"Hakuna, bwana," nikamwambia. "Lakini mliouliza ni nyinyi."

Matokeo yetu wanne yalitolewa mwezi wa Desemba. Nilipata daraja la kwanza, wa kwanza katika chuo kile, na mmoja wa wenzangu akalipata pia. Wale saba walirudia mwaka uliofuata. Walilijibu swali la sita na wakafaulu, kwa hiyo Karanja anaweza kusema hakuna aliyepoteza. Simchukii. Alikuwa na sababu zake, na ameniuzia vipuri kwa bei nzuri miaka thelathini. Ila alitia jina lake chini ya uongo juu ya mtu aliye hai, na mtu huyo alipokufa akauita uongo ule kutoelewana, na mimi ninayeijua karatasi ile sitakubali.

Mwalimu alisafishwa jina kwa barua ya mistari miwili, lakini hakurudi kufundisha kwetu. Afande alikuwa amehamishwa tena, naye alikuwa akimfuata tena. Nilikwenda Kiganjo na cheti changu, nikawakuta wakifunga vyombo, kuta tupu, jiko limeshatolewa nje. Tulikula mkate kwa chai tukikaa juu ya godoro lililokunjwa. Alikisoma cheti pande zote mbili, akaniuliza swali la sita walinipa alama ngapi. Nikamwambia hawaonyeshi alama za kila swali. Akatikisa kichwa, akakikunja kwa uangalifu, akanirudishia. Afande, aliyekuwa akifunga gunia la sufuria, alisema bila kugeuka: "Mwambie."

Basi akaniambia kwamba yeye alifanya mtihani ule ule, wa watu wale wale, alipokuwa kijana. Alizaliwa hatua chache kutoka ziwani. Injini za boti alizifungua kabla hajajua kusoma. "Lakini niliona wameandika hiyo baridi ya kwao nikaogopa," alisema. "Nikajiambia hii si yetu. Nilikaa nusu saa naangalia dirisha, halafu nikapeana karatasi na hiyo swali iko wazi."

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia mwaka mzima.

"Ningewaambia," akasema Mwalimu, "mngejua mtu anaweza kuiacha na bado awe mwalimu."